Jina Nililolitaja Ukumbini Lodwar

Mwanangu, mama yako ameniambia umekubaliwa kusomea historia, na kwamba tayari umeanza kuwafuata wazee wa hapa na simu yako ukirekodi maneno yao. Nimefurahi. Lakini kabla hujaenda mbali, keti kidogo. Iko siku moja ya miaka ya tisini ambayo sijawahi kuwasimulia hata wanafunzi wangu, kwa sababu ni siku niliyofungua mdomo mahali nilipopaswa kuufunga.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Chuo kilikuwa kimenirudisha nyumbani Turkana niandike kuhusu wapigania uhuru. Habari za wafungwa walioletwa Lokitaung na mkoloni zilijulikana na kila mtu. Mimi nilitafuta kitu kingine. Nilitaka kujua habari zao zilivukaje mpaka, na vijana wa upande wa pili, kule Sudan, walizipokeaje. Vitabu nilivyosoma vilisimulia kila nchi peke yake, kana kwamba mpaka ulikuwa ukuta. Mimi nilihisi watu wale walikuwa wakisikilizana.

Kakuma ndiko nilikopata jibu. Humo katika kambi ya wakimbizi aliishi Mzee Lado, mkimbizi kutoka Juba, mrefu, mwembamba, mwenye kukohoa kidogo kabla ya kusema neno. Kiswahili alikipata Uganda, alikokimbilia mara ya kwanza akiwa kijana. Aliishi na binti yake Keji, mwalimu wa darasa la kwanza. Kwa wiki sita nilikwenda kwake kila asubuhi. Alinisimulia jinsi yeye na wenzake watatu walivyochapa makaratasi ya siri kwa taipu ya misheni, wakitafsiri habari za Kenya walizoletewa na madereva wa malori. Alikuwa bado anakumbuka sentensi nzima nzima. Wakati mwingine alicheka hadi machozi yakamtoka.

Siku ya mwisho hakucheka. Aliniambia kwamba mmoja wa wale wenzake ndiye aliyewauza kwa polisi wa mkoloni. Na mtu huyo sasa alikuwa mkubwa katika vita ile ile iliyomfukuza Lado kwao. Watu walimwimbia kama shujaa wa uhuru tangu ujana wake.

"Hii andika," akasema. "Lakini jina yangu usiweke. Hiyo mtu iko na masikio mpaka hapa kambini."

"Nimesikia, Mzee."

"Kusikia haitoshi. Apa."

Nikaapa, mwanangu. Niliapa nikiwa nimemshika mkono.

Wiki mbili baadaye walimu na maofisa wa Lodwar waliniomba niwasomee niliyoyapata. Ukumbi ulijaa. Nilisoma vizuri, hata habari ya yule msaliti nikaisoma bila kumtaja yeye wala Lado, na watu wakapiga makofi. Kisha mwalimu mmoja mstaafu akasimama nyuma, akaniangalia juu ya miwani yake.

"Kijana, hadithi ni tamu. Lakini aliyekuambia ni nani? Mtu huwa na jina. Ama umejitungia huko Nairobi?"

Watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, lakini uso wangu ulichomeka. Wakati ule niliona kama wiki zangu zote sita zinatupwa nje.

Nikasema, "Ni Mzee Lado, aliyekuwa mchapaji kule Juba! Yuko Kakuma, jirani na shule anamofundisha binti yake. Nendeni mkamuulize wenyewe!"

Kicheko kikakatika. Makofi yakarudi, makubwa kuliko ya kwanza. Nami nikaketi, nafsi imenenepa. Ndipo nikamwona mwanamume mwenye shati la buluu akimwomba jirani yake kalamu. Aliandika kitu kwenye kiganja chake, akainuka, akatoka kabla chai haijaletwa.

Ile chai sikuinywa.

Nyumbani Nawoitorong mama aliniuliza kwa nini sili, nikamwambia nasikia malaria. Wakati ule magari ya Kakuma yalikwenda kwa msafara wenye askari, kwa sababu ya majambazi barabarani, na msafara wa siku ile ulikuwa umeshaondoka. Nilingoja siku mbili. Kila asubuhi nilikwenda kituoni kuuliza, na kila nilipoona shati la buluu sokoni nilisimama kumtazama mwenye nalo. Siku ya tatu nikapata nafasi juu ya lori la mahindi. Tulipovuka kila korongo nilihesabu saa ambazo mtu mwenye gari lake angekuwa amenitangulia.

Mlango wa Mzee Lado ulikuwa na kufuli. Mama mmoja Msomali aliyeuza chai kando ya njia aliniita.

"Wewe ni yule mwanafunzi? Jana wanaume wawili walikuja. Walimtaka mzee mchapaji. Nikawaambia mimi sijui mchapaji, najua Lado tu."

Nilikimbia hadi shuleni. Keji aliponiona mlangoni aliwaambia watoto watoke wakacheze, kisha akatazama nje huku na huku.

"Umekuja na nani?"

"Peke yangu. Baba yuko wapi?"

Alinitazama kutoka juu hadi chini. Alikuwa anapima kama mimi bado ni mtu. Mwisho akanipeleka kanisani, kwenye chumba cha kuhifadhi vitu, na humo katikati ya mabenchi mabovu nikamkuta Mzee ameketi na blanketi mabegani, katika joto lile.

Nilianza kusema, akainua mkono.

"Wamekuja wanauliza mchapaji," akasema. "Hapa Kakuma mimi ni mzee wa kukohoa. Mchapaji nilikuambia wewe tu."

"Waliniita mwongo, Mzee, mbele ya watu wote."

"Sasa wamekuamini?"

"Ndiyo."

Akakohoa. "Vizuri. Wewe umeaminiwa. Na mtoto yangu leo atalala wapi?"

Nilimwinua, nikambebea blanketi lake.

Tulikwenda kwa maofisa wa kambi, wakaandika, wakasema tungoje. Mzee nikamleta kwetu Nawoitorong, na ilinibidi nimwambie mama ukweli wote. Keji akahifadhiwa na familia ya kanisa. Kwa karibu mwezi mzima, kila mtu aliyebisha hodi, hata jirani wa kuomba chumvi, alitufanya tumfiche Mzee chumbani kwanza. Mzee alikula nasi, akamsalimu mama kwa Kiturkana, "Ejok", kila asubuhi kwa heshima. Lakini habari za ujana wake hakunigusia tena. Yaliyobaki, na yalikuwa mengi, alikaa nayo.

Mwishowe yeye na Keji wakapelekwa nchi ya mbali yenye baridi. Watu walisema ana bahati. Yeye hakuitaka bahati ile. Alikuwa anangoja barabara ya Juba ifunguke, azikwe kando ya mkewe. Alifia huko ugenini. Keji aliniandikia barua moja fupi, haikuwa na neno la lawama, na hilo ndilo liliniuma zaidi.

Wale wanaume wawili sikuwahi kuwajua. Huenda walikuwa wauaji, huenda walikuwa wadadisi tu. Sura ya habari za Lado niliiondoa katika tasnifu niliyoipeleka chuoni, nikapunguziwa alama, na nilistahili.

Sasa sikia, mwanangu. Utaulizwa ushahidi, na ni haki uulizwe. Lakini anayekusimulia historia bado anaishi ndani yake, na waliomuumiza huenda bado wana nguvu. Akikuomba ufiche jina, lifiche hata ukichekwa. Ukiitwa mwongo, nyamaza, keti, kunywa chai yako. Sifa ya ukumbini huisha kabla watu hawajafika makwao, lakini mtu uliyemtoa kwake harudishwi na kitabu chochote.

Nenda. Mungu akupe masikio ya kusikia na kifua cha kutunza. Kila mzee utakayeketi naye ukamwache salama kama ulivyomkuta, nawe urudi kwetu ukiwa na moyo mweupe. Akuj, Mungu wa wazee wetu, akulinde njiani.