Mkutano Ulihamia Shambani

Theodosia, mwenyekiti wa kijiji chetu kule mbele ya mji mdogo wa Mbingu, si mtu wa kupangiwa.

Aprili iliyopita alikuja afisa mmoja kutaka msitu wetu wa kuni apewe mwekezaji. Alichagua mwezi vizuri. Mpunga ukianza kuzaa, sisi sote huhamia mashambani, kila familia juu ya dungu lake la miti, kuamia ndege wasiumalize. Akatazama mabenchi matupu ya ofisi, akasema, “Mama, watu hawapo. Wewe saini tu, serikali imeshaamua.”

Theodosia akamjibu, “Hiyo ni serikali ya kwenu. Ya hapa ni mkutano wa kijiji, nao uko shambani. Vua viatu.”

Akamtangulia ndani ya maji ya magotini, akituita dungu baada ya dungu. Tukashuka, tukakaa juu ya matuta. Afisa alijieleza akiwa amekunja suruali, na safari hii sauti yake ilikuwa ya kuomba. Tulimsikiliza mpaka mwisho, kisha tukanyoosha mikono kumkatalia.

Theodosia akamkabidhi kombeo.

“Wakati unaongea, ndege wamekula mpunga wetu,” alisema. “Kabla hujaondoka, saidia kuwafukuza.”