Nilivyopika chapati za oats za Waingereza, mama mkwe akaongea na mimi kwa mara ya kwanza

Wakuu, habari za mihangaiko.

Nimesoma nyuzi zenu za mama wakwe mpaka mbavu zinauma. Leo zamu yangu. Humu hamna chai, haya yametokea jikoni kwangu Bordesley Green, Birmingham, na mke wangu ni shahidi.

Mimi mtu wa Tanga. Mke wangu Hodan ni Msomali wa Kenya, mtoto wa Eastleigh. Tulikutana huku huku, tukaoana, mama yake akakubali shingo upande.

2017 tukapata mtoto wa kwanza, kwa operesheni. Mama mkwe akaja kumlea mzazi mpaka arobaini.

Sasa sikilizeni. Yule mama alikuwa haongei na mimi. Hatukugombana, ila kila neno lilipitia kwa binti yake, hata nikiwa nimekaa pale pale.

"Hodan, mwambie bwanako hiyo mlango inaleta baridi."

Nami najibu, "Mwambie mama nitauziba."

Nikiingia jikoni, yeye anatoka. Nilishindwa kujua kama ni heshima ya ukwe au bado ana kinyongo na mimi. Iliniuma, sitawaficha.

Balaa likaja kwenye chakula. Wasomali wana anjera, chapati laini ya rojo lililochachuka. Unamimina kwenye chuma, unafunika, inaiva upande mmoja, juu inabaki na vitundu vitundu. Kwa mama mkwe, asubuhi bila anjera siyo asubuhi.

Akaloweka unga. Ilikuwa Januari, jikoni kwetu baridi kama friji. Rojo likalala tu, halikuumuka. Akarudia, vile vile. Akasema nchi gani hii hata hamira inakufa. Akagoma kujaribu tena, akawa anashindia chai na biskuti.

Za dukani hataki. Anasema hajui nani kazipika.

Asubuhi moja nikasikia, "Hodan, mwambie bwanako anitafutie tiketi. Mimi nitakufa huku."

Hodan akalia. Mshono bado mbichi, mtoto halali, mimi niko kazini kutwa. Mama akiondoka tumekwisha.

Siku hiyo nikaenda kazini Longbridge, duka ninakopanga mizigo, kichwa kizito. Wakati wa break mwenzangu Keith akafungua chakula chake. Kitu cha kahawia, laini, kimekunjwa na jibini ndani.

Nikaona vitundu.

Wakuu, nilisimama! "Keith, what is that?"

"Oatcake, duck." Kwao Stoke wanaitana bata, msiniulize kwa nini, nilishazoea.

Akanielekeza yote. Oats zilizosagwa, unga wa ngano kiasi hicho hicho, chumvi, sukari kidogo, hamira, maji ya vuguvugu na maziwa. Anasema bibi yake alizipika hivyo. (Wao huweka na nguruwe ndani, hapo nikaruka.)

Nikamuuliza, na baridi hii inaumuka vipi?

Akacheka. "Put it in the boiler cupboard, you daft sod."

Kabati la boila, mtambo wa kuchemshia maji ya nyumba! Lile tunaloanikia nguo za mtoto! Joto lote la nyumba limejificha mle na sisi tunatetemeka na bakuli jikoni. Nilitamani shifti iishe dakika ile ile.

Nikarudi na oats, nikazisaga kwenye blenda, nikakoroga, nikaweka bakuli kabatini katikati ya nepi. Mama mkwe yuko sebuleni na mtoto. Hodan ananiangalia kama nimerukwa na akili.

Baada ya muda nikafungua. Jamani! Rojo limepanda mpaka ukingoni, mapovu yanapasuka, na ile harufu ya uchachu imejaa korido nzima. Nilipiga kelele peke yangu.

Nikabandika chuma cha chapati. Ya kwanza rojo zito, ikatoka kama soli ya kandambili. Nikaongeza maji. Ya pili nikamimina, nikaizungusha, vitundu vikaanza kufunguka kimoja kimoja. Nikachukua mwiko niigeuze, maana ndivyo Keith alivyosema, na hata kwetu Tanga chapati ya maji inageuzwa.

"Wewe! Usigeuze!"

Nikageuka. Mama mkwe yuko mlangoni, mtoto begani. Hodan hayupo hapo. Hiyo "wewe" ni mimi.

"Anjera haigeuzwangi! Unaua macho yake, hivyo vitundu!"

"Mama, hii siyo anjera, hii ya Kiingereza, inageuzwa."

"Nani amekwambia?"

"Keith."

"Keith anajua nini?"

Akanikabidhi mtoto, akaninyang'anya mwiko. Akamimina kwa mzunguko, kutoka katikati kwenda nje, akafunika. Mimi nimesimama na mwanangu mikononi, namtazama kwa furaha.

Alikula nne, wakuu. Na samli, sukari na chai. Mimi nikala zangu za kugeuza na jibini. Akaionja moja yangu, akasema imekauka, akaimaliza.

Tiketi haikutajwa tena. Alikaa mpaka arobaini, akaongeza na mwezi. Kila jioni tulibishana jikoni kugeuza au kutogeuza, na bakuli likawa na nafasi yake ya kudumu kabatini.

Nilichojifunza: mimi nilikuwa nasubiri mama mkwe anikubali ndiyo tuongee. Kumbe ilibidi nikosee mbele yake kitu anachokijua.

Sasa hivi yuko Eastleigh. Juzi kapiga simu, Hodan kapokea, kaanza kumsimulia habari za mtoto. Nikasikia sauti ya mama kwenye spika:

"Hodan, nimekusikia. Hebu nipe huyo wa kugeuza."

Haya wakuu, kwenu zinageuzwa au hazigeuzwi? Mkijibu hazigeuzwi nitamsomea yeye mwenyewe, atafurahi sana.