Peremende za Mzee Kabera

Nayaandika haya, masikio yangu yakiwa bado na moto wa aibu. Mimi ndiye ninayeongoza kikundi chetu cha wagonjwa wa sukari hapa Kamembe. Kila Jumamosi asubuhi tunatembea pamoja mpaka Cyangugu, na tukifika ziwani tunapumzika na kuulizana juma lilikwendaje.

Jumamosi iliyopita, njiani, nilimwona Mzee Kabera akitia mkono mfukoni, karatasi ya peremende ikachungulia. Nikasimamisha watu wote.

"Mzee, toa ulicho nacho mfukoni."

Akatoa peremende nne, akaniwekea kiganjani. Nami nikahubiri. Nikasema sisi tunajinyima, kumbe mwenzetu anatudanganya. Mzee yule, ambaye angeweza kunizaa, alitazama viatu vyake tu.

Ndipo jirani yake, Maman Zawadi, akanisogelea.

"Maman, zile bonboni haziko zake, ni zangu. Sukari yangu ikishuka mu njia, mikono inatetemeka, siweze kufungula karatasi. Ni yeye ananifunguliaka. Na ni wewe ulitufundishaka tutembee na kitu ya sukari."

Kweli nilifundisha, tena kwa kuchora ubaoni. Mzee Kabera aliniangalia kwa upole, kama mtu anayeogopa kuniongezea aibu.

"Maman," aliniuliza taratibu, "sasa naweza kuzirudisha mu mufuko?"