Mikaratusi ya Nkanka

Kazi yangu ilikuwa kukataa mbao. Projeti ya kujenga upya shule ilinichukua kwa sababu nilikulia Bukavu, kwenye uwanja wa baba wa kupasulia magogo. Nilipovuka kuingia Rwanda baada ya vita kwisha, nchi ambayo wazazi wangu walinisimulia tu, sikuwa na ujuzi mwingine: niliweza kuitazama mbao na kusema itabeba nini, na kwa muda gani. Watu wakaniita Madamu wa Mbao. Leo Muganza, kesho Nyakabuye. Nilishuka kwenye minibasi, nikaingia shantiye, pale wanapojenga, nikagonga, nikanusa, nikachoma kisu, na mbao mbovu nikazitia alama ya chaki. Halafu nikaondoka. Kuondoka ndiko nilikokupenda zaidi. Chumba nilichopanga Kamembe sikuwa nimekinunulia hata kiti.

Mama yangu alibaki Bukavu. Baba alikuwa ameshafariki, lakini mama alisema uwanja hauwezi kuachwa hivi hivi, na kila nilipopata nafasi nilivuka daraja kwenda kumwona. Kisha vita vya pili vya Kongo vikaanza na mpaka ukafungwa. Tangu siku hiyo sikuweza kutulia. Nikisikia mlio wa bunduki ng'ambo, nilisimama. Kisipolia kitu chochote, nilisimama pia. Mafundi waliniambia nikae ninywe chai, nami niliinywa nikiwa natembea.

Mbao zetu zote nzuri zilikuwa zinatoka Kongo kwa kamiyo, yale malori makubwa. Sasa projeti ikaniambia nitafute hapa hapa. Shule ya Nkanka ilikuwa na kuta mpya na juu hakuna kitu. Watoto walisomea chini ya turubai, na mvua ilikuwa njiani.

Mjane mmoja aliyeishi jirani na shule akatuma habari kwamba ana miti ya kutoa. Nilimkuta mbele ya nyumba yake akichambua maharage. Kati ya nyumba na njia palikuwa na safu nene ya mikaratusi, imebanana, hata mtu akipita njiani unasikia miguu tu.

"Maman, nimekuja kuona miti."

"Ona. Ukate yote."

Nilizunguka. Ilikuwa michanga, na maganda yake yalizunguka shina kama nguo iliyokamuliwa. Mti wa namna hiyo, ukiupasua mbao, mbao inajipinda vilevile. Nilimweleza taratibu. Nikamwambia ushauri wangu wa kweli ni kuiacha. Apunguze iliyobanana, inayobaki aipe miaka kumi, itanenepa, na hapo atakuwa na mbao ya kweli.

Alicheka, lakini hakufurahi.

"Miaka kumi! Wewe mwenyewe, mutoto yangu, mu miaka kumi utakuwa wapi?"

Nilikifuta kisu changu nikakirudisha mfukoni.

"Unaona," akasema. "Hii miti bwana yangu ndiye aliipanda. Alikuwa anasema itatukinga na upepo. Ile siku walipokuja kumuchukua, sikuwaona mpaka walipofika ku mulango. Sababu ya hii miti. Sasa kila muntu akipita ku njia, moyo inaruka. Miye siko natafuta mbao. Natafuta kuona njia."

Nikamwambia nitafikiri. Nilitaka tu kutoka pale.

Hakunisubiri. Niliporudi, miti yote ilikuwa chini. Aliwaita wanaume wa mtaa, wakaikata na kuiacha kwenye jua la mteremko ule, na nilipokuwa bado mbali nikaisikia ikilia: pa, pa. Mkaratusi uliokatwa ukiachwa juani hupasuka kuanzia kwenye ncha, na kila ufa unakula mbao. Nilitupa mfuko wangu chini. Nikaomba udongo na kinyesi cha ng'ombe, nikaanza kuzipaka ncha zile kwa mikono ili zisikauke haraka. Mjane alinitazama kidogo, kisha akakunja kitenge akaja kunisaidia. Tulipaka mpaka mchana ukaisha. Mara kwa mara alinyoosha mgongo akatazama njia, ambayo sasa ilionekana yote hadi ziwani.

Magogo yaliyopinda sana tuliyatoa kwa kofraji, yaani mbao na miti ya kushikilia zege mpaka ikauke. Hilo lilimuuma.

"Na zege ikishakauka?"

"Inatolewa, Maman. Inakuwa kuni."

"Basi si yote," akasema kwa ukali. "Ingine ikae kule juu. Nataka ikae."

Nikachagua yaliyonyooka, wapasuaji wakayapasua, na mbao nikazipanga kivulini, kati ya kila safu vijiti ili hewa ipite. Nikamwambia antreprenere, mwenye kazi ya ujenzi, kwamba zisiguswe kabla sijasema. Alikuwa mzee mpole wa Bukavu kama mimi.

"Madamu, mvua inakuja," alisema.

"Najua, Papa. Lakini mbao haijui."

Wiki moja baadaye nilipata habari kwamba mpaka utafunguliwa kidogo na watu watavuka kwa miguu. Niliacha kila kitu nikaenda kusimama kwenye bariyeri, kizuizi cha mpakani. Mama hakuja siku ile. Nikarudi kesho yake, na keshokutwa. Niliwatazama akina mama wakipita na magodoro kichwani, na kila kitenge cha kijani nilikiona ni chake. Nilinunua karanga sikuzila. Mwishowe akatokea, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, na jambo la kwanza alilosema ni kwamba nimekonda. Nilimshika mkono kwa nguvu mpaka akaniomba nimwachie.

Alipolala chumbani kwangu sikuweza kukaa kumtazama. Nilipanda minibasi ya Nkanka.

Kwenye darasa la kwanza sharpante ilikuwa imeshasimama, ule mfupa wa mbao unaobeba mabati. Walikuwa wameupandisha ukiwa na maji yake yote. Nilipanda ngazi nikachoma kisu, na ncha yake ikatoka na unyevu. Nilishuka nikamfuata antreprenere.

"Papa, nilikuambia nini?"

"Uliniambia. Halafu mvua ilinyesha, turubai ikaanguka juu ya watoto. Wewe hukuwako." Hakupandisha sauti. "Ningewapeleka wapi?"

"Itajipinda. Itang'oa misumari, mabati yatafunguka."

"Basi uniambie la kufanya. Usiniambie tu kwamba ni mbaya."

Nilikaa juu ya tofali. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mingi kukaa kwenye shantiye. Nilikuwa nimezoea kutia chaki na kuondoka. Hapa hapakuwa na mbao nyingine duniani, na watoto walikuwa wameshaingia ndani, wanaimba herufi. Nikamwambia atoe misumari kwenye viungo vikubwa aweke bulo, zile za kukazwa kwa spana, na aongeze mbao za kukingama. Mbao ikikauka inapungua, kiungo kinalegea. Lazima mtu aje kukaza.

"Nani atakuja?"

"Mimi."

Nikaja. Msimu wote wa mvua na kiangazi kilichofuata nilipanda juu ya madarasa yale na spana, nikasikiliza mbao, nikakaza bulo moja baada ya nyingine, wakati chini yangu mwalimu akifundisha bila kuinua macho. Darasa la pili tulilijenga kwa mbao zilizokauka kivulini, likanyooka. La kwanza halikunyooka. Upande wa ziwa paa lilifanya tumbo dogo, na halikuondoka tena. Lakini halikuvuja.

Mjane alizoea kuja kunishikia ngazi. Nilimuuliza kama sasa analala vizuri.

"Hapana," alisema. "Lakini nikishtuka, natoka, naona njia iko tupu, narudi ndani. Zamani sikuwa naweza kurudi."

Siku moja nilimleta mama kuona kazi yangu. Alikuwa mke wa mpasua mbao maisha yake yote, akasimama uani, mkono juu ya macho, akilitazama lile darasa la kwanza.

"Lile paa limepinda," alisema.

"Najua, mama."

"Nani aliikubali mbao ile?"

"Mimi."

Alilitazama tena, akaenda kumsalimu mjane, wakaingia kivulini wawili kuongea habari za bei ya samaki. Nami nilikuwa bado na bulo za upande wa pili. Nikaegemeza ngazi, nikapanda.