Usukani Uliokuwa Zamu Yangu

Mwaka ule usukani ulikuwa zamu yangu. Chama cha wapenzi wa mashua za tanga mkoani kwetu kilikuwa na desturi ambayo hakuna aliyewahi kuivunja: aliyeshika kamba ya tanga kwenye mashindano ya mwaka huu ndiye anayeshika usukani mwakani. Mimi kamba nilikuwa nimeishika mpaka viganja vikachubuka. Baba, mwenyekiti wa chama, alinipaka mafuta ya mawese akasema, "Mwakani, mwanangu, utakaa kule nyuma kama sultani."

Kisha ikaja ile mashua.

Siku hizo watu walivuka ziwa kutoka Kongo kila kukicha, wengi kwa boti za injini zilizojaa hadi maji yakalamba kingo. Msichana mmoja wa umri wangu na wazazi wake walivuka kwa tanga kwa sababu mafuta hayakupatikana, na kwa kuwa baba yake alikuwa hoi kwa homa, aliyeendesha ni yeye. Walifikia kwa shangazi yake, mtaa wa Kasingirima, wakingoja lori la kuwapeleka kambi ya wakimbizi.

Wanachama wetu walikuwa watu wa maofisini, waliohamishiwa Kigoma kutoka mikoa mingine. Jumamosi walivaa kaptula wakaenda ufukweni kusifia milingoti. Walipomwona msichana yule walipagawa. Walimkalisha kwenye benchi pale ufukweni Kibirizi, wakamwagizia soda, wakamtaka asimulie.

"Na upepo ulipokata, ukafanyaje?" mwalimu mmoja wa kutoka Mbeya alimuuliza, ingawa jibu alishalisikia.

"Nilingoja," alisema.

Wote wakaguna kwa raha. Na mimi nilisikiliza, nikaitamani hadithi ile kama mtu anavyotamani gauni la mwenzake. Nilikuwa na kitanda, shule, na baba mwenye afya, lakini moyo ulinichoma kwa kumwonea wivu mtu aliyeshuka ufukweni na sufuria na mkeka.

Jioni moja baba akaniambia, "Mwaka huu tumpe mgeni usukani. Wewe shika kamba tena."

"Na desturi je?"

"Desturi tumeitunga wenyewe."

Mwalimu akacheka. "Usinune, binti wa mwenyekiti. Mdomo huo ukivimba zaidi tutaufunga mlingotini uwe tanga!"

Siku ya mashindano ziwa lilikuwa safi, milima ya ng'ambo ikionekana yote. Tulitakiwa tulizunguke pipa la bluu lililotiwa nanga mbali, kisha turudi. Pipa lile wanachama walikuwa wameliweka upande wa Kongo kabisa, ili mashua zipendeze zikitazamwa kutoka ufukweni.

Msichana yule aliendesha bila kulitazama tanga hata mara moja. Aliugeuza uso kidogo, upepo ukampiga shavuni, na mkono ukafuata. Tuliwaacha wenzetu mbali. Tulipolifikia pipa nikaanza kulegeza kamba.

"Acha kamba vile iko," alisema.

"Pipa hili hapa!"

"Nimeliona."

Tukalipita. Nyuma yetu mashua nyingine zikageuka, moja baada ya nyingine, na vicheko vya waliokuwamo vikatufikia juu ya maji.

"We! Tunashindwa!"

Alinyoosha kidevu mbele. "Mlima ule wenye nundu, dada, unauona? Chini yake ni kwetu. Bibi alikataa kupanda mashua."

Ningeiachia kamba, tanga lingepwaya na tungesimama, lakini niliishika vilevile. Tulikwenda hivyo hadi pipa likawa kidoa. Kisha akasogea pembeni.

"Geuza wewe. Mimi mkono unakataa."

Nilimpa kamba, nikaushika usukani. Ulikuwa na joto la kiganja chake. Niligeuza taratibu, tanga likahama upande bila kupiga kelele, nikaileta mashua ufukweni kwa mstari ulionyooka kuliko wowote niliowahi kuuona chamani. Tulikuwa wa mwisho.

Wanachama waliingia majini na suruali zao. "Mmeona?" mwalimu alipiga kelele. "Alikuwa anatuonyesha walivyovuka!" Wakapiga makofi wakimtazama yeye, ambaye macho yake yalikuwa chini kwenye maji. Baba alivua koti lake akamfunika mabegani.

Mimi nilikuwa bado nimekaa kule nyuma, usukani mkononi, nikingoja baba ageuke anione.