Matete Yaliyolala Chini

Phineas Khaemba alikuwa mtu wa slasha. Miaka ishirini na mitatu alifyeka uwanja wa shule moja huko Malava, na hata waliomchukia, wawili watatu hivi, walikubali kwamba hakuna aliyemfikia. Alipostaafu akapata kazi ya kulinda njia ya matembezi kando ya mto Isiukhu, chini ya mji wa Kakamega. Hapo kikundi cha wakazi kilikuwa kimepanda miti na kuacha kinamasi kijiotee chenyewe, ili ndege na wanyama wapate makao.

Kijiotee chenyewe! Wee, hilo lilimkera. Kwao, mgeni akitarajiwa, unafyeka kuanzia langoni mpaka mlangoni. Boma lenye nyasi za kufika magotini ni boma la mlevi, ama la mtu aliyehamia Nairobi akasahau mama yake. Lakini kazi ni kazi, akajikaza.

Mwezi wa tano korongo wawili wenye mashungi ya dhahabu wakajenga kiota katikati ya matete. Mayai matatu! Mwalimu Immaculate, mwenyekiti wa kikundi, alifurahi mpaka akaalika wanafunzi kutoka Sigalagala waje kuwaona. "Mzee Khaemba," akamwambia, "wageni ni Alhamisi. Nakuachia wewe."

Sasa, ukimwambia Khaemba wageni wanakuja halafu ukaongeza nakuachia wewe, umemwambia nini? Alhamisi alfajiri akanoa slasha. Kiota hakukigusa, jamani, tumtendee haki. Alifyeka matete ya mbele tu, na ya pembeni kidogo, kisha kidogo tena, ili wageni wasisumbuke kuchungulia. Akarudi nyuma akatazama. Mayai yalionekana vizuri kutoka njiani. Akaenda kunywa chai, moyo mweupe kabisa.

Kunguru nao waliyaona vizuri.

Wageni walipofika saa nne, korongo walikuwa wanazunguka juu wakilia ile sauti yao ya kukwaruza, na kwenye kiota mlikuwa na maganda na ute. Msichana mmoja alianza kulia. Mwalimu Immaculate alitazama matete yaliyolala chini. "Nani amekata hapa?"

Kwa bahati mbaya Pascalia alikuwa anapita na mundu wake. Pascalia ni mjane mwenye ng'ombe mmoja, na kikundi kilimruhusu kukata nyasi upande wa juu wa njia, mbali na kinamasi. Mwalimu akaona mundu, akaona matete, akajumlisha. "Mama Pascalia! Si tulikubaliana usivuke njia?" Kisha akamgeukia mlinzi. "Mzee, wewe uliona nini?"

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi yake. Neno moja tu lingetosha. Khaemba akasema, "Mimi nilifika nikakuta hivi hivi."

Pascalia alimtazama. Akatazama matete chini, akamtazama tena. "Sawa, Mwalimu," akasema, akaondoka. Tangu siku hiyo akapigwa marufuku kukata hata unyasi mmoja mle ndani, mpaka mkutano uamue kama atafutwa kwenye kikundi kabisa.

Basi aibu ikahamia kwa Khaemba, ikakaa. Kila asubuhi Pascalia alipita langoni akitoka upande wa Iguhu, na mzigo wa nyasi kichwani, shingo imezama, jasho mpaka kidevuni. Mwendo wa saa mbili kwa ajili ya kitu kilichokuwa kimejaa hapo hapo karibu na nyumba yake. Na kila asubuhi, haki ya Mungu, alisimama akamsalimia. "Mulembe, Baba." Hakuwa na kisirani wala kejeli. Khaemba alijibu mulembe huku akitazama viatu vyake. Nyumbani alirudisha sahani ya obusuma, ugali wa kwao, bila kuimaliza. Mkewe akamuuliza kama ni malaria, akasema labda. Alikuwa mzee wa kanisa, mwenye wajukuu wanne, na amemsingizia mjane. Usiku alijiapia atasema kesho. Kesho ikifika, anapata kazi ya haraka ng'ambo ya kidaraja.

Jumamosi ya mkutano, watu walijaa kwenye kibanda cha langoni. Mwalimu Immaculate akaanza na shukrani. Akatoa gambuti mpya, zile buti za mpira za matopeni, nyeusi, zinang'aa, akasema kikundi kinamzawadia Mzee Khaemba kwa uaminifu wake. Watu wakapiga makofi machache. Khaemba alizipokea kwa mikono miwili. Uzito wake ulimshinda.

"Sasa tuje kwa Mama Pascalia," Mwalimu akasema.

Khaemba akasimama. "Si yeye. Ni mimi nilifyeka. Nilitaka wageni waone vizuri. Halafu nikadanganya."

Alingoja makelele. Alijiandaa kutukanwa, hata kusukumwa nje. Hakuna aliyeshtuka ila Mwalimu. Wanawake walikaa tu wakimtazama, na mmoja wao, Mama Sellah, akavuta leso yake vizuri begani.

"Kaa chini, Khaemba," akasema. "Tulijua."

"Mlijua?" Mwalimu akadakia. "Mlijuaje?"

"Mwalimu, wewe ni mtu wa maziwa ya pakiti, hatukulaumu. Lakini matete yale yalilala pale chini mpaka yakakauka. Mtu wa ng'ombe akikata kitu kibichi hivyo anabebanga. Hawezi kukiacha kioze. Yule aliyekata hakuwa na ng'ombe. Alikuwa na slasha."

Khaemba alitamani ardhi immeze. Siku zote hizo alikuwa akificha kitu kilicholala wazi mbele ya kila mtu aliyepita. "Mbona hamkusema?" akauliza.

Pascalia ndiye aliyejibu. "Mimi niliwakataza. Nilisema ni mtu mzima, atasema mwenyewe. Siku kumi na sita nimekusalimia, Baba. Nilikuwa nakupatia nafasi."

Mwalimu aliomba msamaha mara tatu, na marufuku ikaondolewa hapo hapo. Khaemba akaziacha gambuti mezani, akatoka, akasimama langoni kwake kama kawaida. Chini kwenye kinamasi matete yalikuwa yameanza kuchipuka, lakini korongo hawakuwa wamerudi.

Pascalia akatokea na mundu wake, akielekea upande wa juu wa njia. Safari hii Khaemba alimtazama usoni, akamwahi. "Mulembe, Mama."

"Ng'ombe ananingoja," Pascalia akasema, akapita bila kusimama.