Jinsi Saratani ya Mama Yako Ilivyosafiri

Kuna Jumapili moja ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu. Nilikuwa msichana, ndiyo kwanza nimemaliza shule, nikiishi kwa mama yako pale Kibeta. Tulikuwa tunajiandaa kwenda misa. Dada Leokadia, mama yako, alikuwa anahangaika na zipu ya gauni. Shangazi yetu Domitila, tuliyemwita Shwenkazi kama tunavyomwita dada wa baba huku kwetu, akamsogelea amfungie. Mkono wake ukakwama ubavuni, karibu na kwapa.

"Leokadia, hiki nini?"

"Kauvimbe tu, Shwenkazi. Kako hapo siku nyingi. Hata hakaumi."

Shwenkazi aliiacha zipu, akamgeuza, akalitazama titi. Ngozi ilikuwa imebonyea kidogo, kana kwamba kuna kitu kinaivuta kutoka ndani. Basi akamkemea kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake.

"Jipu lilikuuma juzi, ukakimbilia hospitali. Hiki kinakaa kimya, na wewe umekaa kimya nacho! Hicho kimya ndicho kinachonitisha."

Misani siku ile niliimba bila kusikia ninachoimba.

Kesho yake tulikwenda hospitali mjini Bukoba, wewe ukiwa mgongoni kwangu. Walichukua kinyama kidogo kwa sindano kikapelekwe Mwanza kupimwa, tukarudi nyumbani kungoja. Mama yako alikuwa akibandika ndizi jikoni na kuzisahau mpaka zinaungua. Jirani mmoja akaja kumwambia kuwa sindano ile imeuamsha ugonjwa, sasa utatawanyika mwili mzima. Baada ya hapo hakutaka hata kurudi kuchukua majibu. Shwenkazi ndiye aliyemshika mkono wakaenda.

Ilikuwa saratani. Daktari, mama mmoja mpole, hakutuficha. Mama yako akamuuliza juu ya sindano.

"Sindano haikuamsha kitu," daktari akasema. "Ugonjwa ulikuwa unafanya kazi yake tangu zamani." Akaunganisha vidole vya mikono yake miwili. "Seli za titi lenye afya zimeshikana hivi. Kuna protini inayozigandisha pamoja, kila moja ikae mahali pake. Seli ya saratani inaweza kuizima protini hiyo." Akavichomoa vidole. "Ikishaachia, inabadilika umbo, inajifunza kutambaa. Inatoa vimeng'enya vya kuyeyusha ukuta ulioizunguka, inaingia kwenye mishipa. Kituo cha kwanza mara nyingi ni tezi za kwapani."

Nilijishika kwapa bila kujua. Naona na wewe umejishika.

Walimkata titi pamoja na tezi za kwapani, na baadhi ya tezi hizo zilikuwa zimeshaingiliwa. Seli za saratani yake, wakasema, zina vipokezi vinavyodaka homoni ya kike, na homoni hiyo ndiyo inayoziamuru zizaliane. Akapewa vidonge vya kuvizuia vipokezi hivyo, avimeze kila siku kwa miaka. Akapata nguvu, akarudi Kemondo kwenye biashara yake ya dagaa, akaanza tena kuvuka kwenda visiwa vya Muleba. Huko kisiwani vidonge vilimwishia, na kwa kuwa alijiona mzima, hakuona haraka ya kuvifuata. Simlaumu. Ni vigumu sana kunywa dawa ya ugonjwa usiouhisi.

Ukapita muda mrefu, mpaka tukaacha kuogopa. Kisha mgongo ukaanza kumuuma. Alidhani ni mizigo. Tulipomrudisha kwa daktari yule, picha ilionyesha uti wa mgongo umeliwa.

"Titi mlilikata," mama yako akasema. Namsikia mpaka sasa. "Halipo. Saratani ya titi imefikaje mgongoni?"

Daktari alikaa kitandani karibu naye. Akasema huenda seli chache zilitoroka kabla ya upasuaji. Nyingi zinazotoroka hufia kwenye damu. Chache hufika kwenye mfupa, zikalala bila kuzaliana, hakuna anayezijua. Siku zinapoamka hutoa kemikali zinazouchochea mfupa ujimeng'enye, na mfupa ukimeng'enyeka unaachia vitu vya ukuaji vinavyozilisha zilezile. Ndivyo zinavyoendelea, kimoja kikikilisha kingine.

Walimpa dawa, akapata nafuu ya kutosha kukuona unaanza shule, akakusuka nywele mwenyewe asubuhi ile. Kisha ini nalo likaingiliwa. Tulimzika kibanjani, kwenye migomba ya nyumbani, kando ya baba yetu.

Nimekuja mpaka kwako na kukueleza yote haya kwa sababu ya simu uliyonipigia juzi. "Mama mdogo, nina kitu titini, lakini hakiumi. Nitakwenda tukishavuna kahawa." Tangu uliposema "hakiumi" sijapata usingizi.

Sikiliza, mwanangu. Vivimbe vingi vya matiti si saratani, na ninaomba chako kiwe kimojawapo. Lakini wewe na mimi hatuwezi kukijua kwa vidole. Anayejua ni anayekipima. Kama ni kitu kibaya, kila wiki ya kahawa unakipa nafasi ya kuachia mahali pake na kuanza safari, na kikiwa bado hakijasafiri kinatibika vizuri zaidi. Wakitaka kukichoma sindano, kubali. Wakikupa dawa, imeze mpaka wenyewe waseme basi, hata ukijiona mzima kabisa. Ukisikia maumivu mapya popote mwilini, mgongoni, kifuani, waambie kwamba mama yako aliugua hivi. Usiwaache wakisie.

Na ukiogopa, ogopa ukiwa njiani. Mimi pia naogopa.

Mungu akutangulie mlangoni kwa daktari, akulinde kila kiungo, akupe miaka ambayo mama yako hakuipata, na wanao wakuchoshe mpaka uzeeke. Sasa nenda ukavae blauzi yenye vifungo mbele, itakurahisishia. Bodaboda wa kutupeleka hospitali amefika.